Ziwa Lisilo na Samaki

Katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, kuna ziwa dogo liitwalo Bunny. Liko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na mawe matupu, na sehemu kubwa ya mwaka uso wake hufunikwa na barafu. Mwaka 1979 mtaalamu wa samaki, Norman Reimers, alichapisha historia ya samaki wa ziwa hilo. Walikuwa trauti wa vijito, samaki ambaye kwao ni mashariki ya Amerika Kaskazini, na waliingia Bunny kwa mikono ya watu. Kwa kawaida trauti wa aina hiyo akifika miaka mitano au sita amekula chumvi nyingi. Wale wa Bunny, Reimers alionyesha, waliishi hadi miaka 24.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ziwa lile lilikuwa pepo ya samaki. Sivyo. Walikuwa wamedumaa. Chakula kilikuwa haba, maji yalikuwa ya baridi mwaka mzima, na mwili uliokosa lishe ulijibana: haukukua, haukuzeeka upesi, uliishi kwa kungoja. Samaki mwenye umri wa kijana aliyemaliza chuo kikuu alikuwa na mwili ambao kwenye mto wenye chakula angeupata akiwa bado mdogo sana.

Nimeanza na samaki huyu kwa sababu anatufundisha ugumu wa kazi tunayoijadili hapa: kupima kama upandikizaji wa samaki katika maziwa ya milimani umefaulu. Ofisa aliyewamwaga vifaranga akirudi Bunny na kutupa ndoano, atavua trauti. Ataandika kwenye ripoti kwamba upandikizaji umefaulu, na hatakuwa amesema uongo: samaki waliwekwa, samaki wapo. Lakini ripoti hiyo haitamwambia msomaji kama mvuvi aliyepanda mlima siku nzima amepata kitoweo cha maana, wala kama ziwa lilihitaji vifaranga hao, wala nini kilikuwa kinaishi humo kabla yao. Swali la mwisho ndilo lililochelewa kuulizwa kuliko yote, na kuchelewa huko kuligharimu sana.

Kwanza tuelewe maziwa yenyewe. Sierra Nevada ni safu ya milima ya matale, ile miamba migumu yenye chembe zinazometa. Katika enzi za barafu, mito mizito ya barafu iliteremka polepole na kuchimba mashimo katika miamba hiyo, kama kijiko kinavyochota ugali uliopoa. Barafu ilipoyeyuka, mashimo yakajaa maji. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa maelfu ya maziwa ya juu: maji maangavu kiasi kwamba unaweza kuhesabu mawe ya chini, tope kidogo, mbolea kidogo, majani machache, na kati yake na mito ya bondeni kuna maporomoko ambayo hakuna samaki anayeweza kuyaparamia. Mito mingi ya chini ilikuwa na trauti. Juu ya kiasi cha mita 1,800, isipokuwa sehemu chache kama vijito vya juu vya mto Kern ambako trauti wa dhahabu ni mwenyeji, hapakuwa na samaki hata mmoja.

Haikuwa California peke yake. Mwaka 1992 Peter Bahls alikusanya taarifa za maziwa ya milimani katika majimbo ya magharibi ya Marekani. Alikadiria kuwa yako kama 16,000, na kwamba zaidi ya 95 kati ya kila 100 hayakuwa na samaki kabla ya watu kuwapeleka. Kufikia wakati wa uchunguzi wake, 60 kati ya kila 100 yalikuwa na trauti. Ukitazama yale makubwa yenye kina peke yake, ilikuwa 95 kati ya kila 100. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo ya kina. Tutairudia.

Watu walianza kubeba samaki kwenda juu katikati ya karne ya 19, wachimba dhahabu, wachungaji, wapasua mbao. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka 1876, pale Kanali Sherman Stevens, mwenye kiwanda cha kupasua mbao, alipowachukua trauti wa dhahabu wachache kutoka kijito cha Mulkey na kuwabeba kwenye birika la kahawa hadi kijito cha Cottonwood, ambacho hakikuwa na samaki. Wale wachache walizaana. Baadaye wazao wao walipandishwa hadi maziwa ya Cottonwood, na kwa miaka mingi maziwa hayo yakawa ndiyo shamba la mayai ya trauti wa dhahabu kwa jimbo zima. Birika moja la kahawa!

Jimbo lilikuwa limeunda tume ya samaki mwaka 1870, na kazi iliyokuwa ya mtu na ndoo ikawa kazi ya serikali. Makopo ya chuma ya kubebea maziwa ya ng'ombe yalijazwa maji na vifaranga, yakafungwa mgongoni mwa baghala, na misafara ikapanda njia za mawe huku wasindikizaji wakisimama kila penye kijito kubadilisha maji yasije yakaisha hewa. Karibu na mji wa Independence kilijengwa kituo kikubwa cha kutotolesha vifaranga, Mount Whitney, kilichoanza kazi mwaka 1917 na jengo lake la mawe lingali limesimama. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia baghala walipumzishwa. Ndege ndogo zilichukua nafasi yao. Ndege inapita chini juu ya ziwa, rubani anafungua tangi, na vifaranga wenye urefu wa kidole wanadondoka na maji yao kama ukungu. Kwa kuwa ni wepesi hawaanguki kwa kishindo, na wengi hufika majini wakiwa hai. Ziwa ambalo baghala angelifikia kwa siku mbili sasa lilipata samaki kwa sekunde chache, na mengi yalirudiwa kila mwaka au kila mwaka wa pili.

Mkono huo huo ulifika kwetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alipeleka trauti wa kahawia katika mto Gura, milima ya Aberdare, na baada ya hapo vijito vya Mlima Kenya vikajazwa trauti wa aina mbili, wa kahawia na wa upinde wa mvua. Kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kilikuwa kikitotolesha vifaranga kwa ajili ya mito hiyo, na katika Ziwa Alice, juu kabisa upande wa mashariki wa Mlima Kenya, wavuvi wa mshipi hupanda kufuata trauti hadi leo. Fikra iliyowasukuma watu wa Nyeri na wa California ilikuwa moja: maji matupu ni maji yaliyopotea.

Nadhani kosa lote la tathmini lilianzia kwenye neno hilo, matupu. Ukishaamini kwamba ziwa ni tupu, huna sababu ya kulichunguza kabla ya kumwaga. Kinachobaki kupima ni ulichomwaga. Kwa miongo mingi ndivyo mafanikio yalivyopimwa: vifaranga wangapi walizalishwa, wangapi walimwagwa, maziwa mangapi yalifikiwa. Hizo ni hesabu za kituo cha vifaranga. Zinamsaidia meneja wa kituo kuomba fedha za mwaka ujao. Ziwa halimo ndani yake.

Tathmini ya kweli inaweza kuanzia kwenye swali la mvuvi mwenyewe, bila hata kugusa viumbe wengine: je, vifaranga hawa wanaongeza samaki ziwani? Jibu linaonekana rahisi, lakini ndani ya maji samaki aliyeletwa na ndege na samaki aliyezaliwa papo hapo wanafanana kama mapacha. Ukimvua mmoja, utajuaje anakotoka?

Njia iko kichwani mwa samaki. Ndani ya sikio lake mna kijiwe kidogo cha chokaa, na kijiwe hicho huongezeka tabaka kwa tabaka. Majira ya joto huacha mstari mpana, majira ya baridi mstari mwembamba, na mwaka mmoja huwa pete moja, kama kwenye shina la mti. Kijiwe hukatwa, husuguliwa hadi kiwe chembamba, kikawekwa chini ya hadubini, na pete zikahesabiwa. Sasa tuseme ndege iliacha kwenda ziwa fulani miaka minne iliyopita. Unatega nyavu usiku mmoja, unapata samaki 30, na vijiwe vyao vinakwambia kuwa kumi na wawili kati yao wana miaka miwili au mitatu. Hao hawakuja na ndege. Wamezaliwa ziwani. Mfano huu ni wangu wa kueleza tu, lakini mantiki yake ndiyo iliyotumika.

Fursa ya kuijaribu ilipatikana pale upandikizaji uliposimamishwa kwa miaka kadhaa katika maziwa mengi ya nyika ya John Muir, upande wa mashariki wa Sierra. Thomas Armstrong na Roland Knapp, huyu wa pili akiwa mtafiti wa maabara ya Chuo Kikuu cha California iliyo jirani na Mammoth Lakes, waliyapitia maziwa hayo na kutoa matokeo mwaka 2004. Kama saba kati ya kila kumi ya jamii za trauti walizozichunguza zilikuwa zikijizaa zenyewe. Miaka yote ile ndege zilikuwa zikipeleka maji mtoni.

Hawakuishia hapo, na hili ndilo linalonifanya niusifu utafiti wao. Walitafuta ni ziwa la aina gani linalojizalia. Trauti hutaga mayai kwenye changarawe safi, mahali maji yanapopita, hasa kwenye mdomo wa kijito kinachoingia au kutoka ziwani. Walipima changarawe hiyo. Ziwa lililokuwa na zaidi ya mita za mraba mbili hivi za changarawe ya kufaa, eneo lisilozidi meza ya kulia chakula ya familia, na lililokuwa chini ya takriban mita 3,520, karibu kila mara lilikuwa na samaki waliozaliwa humo. Kwa hiyo ofisa wa uvuvi hahitaji ndege wala bajeti kubwa kujua kama ziwa linahitaji vifaranga. Anahitaji viatu vizuri, futi kamba, na siku moja ya kutembea ukingoni.

Zaidi ya hasara ya fedha, kumwaga vifaranga kwenye ziwa linalojizalia kunawaumiza wavuvi wenyewe. Mlo wa ziwa la matale ni mdogo na hauongezeki kwa sababu walaji wameongezeka. Kila kifaranga anayeongezwa anapunguza tonge la mwenzake. Matokeo ni yale ya Bunny: kichwa kikubwa, mwili mwembamba, miaka mingi.

Sasa tugeukie waliokuwa ndani kabla.

Katika maziwa hayo aliishi chura mwenye miguu ya manjano. Siku hizi wataalamu wanamgawa katika aina mbili, Rana sierrae na Rana muscosa, lakini mambo tunayoyaeleza hapa yanawahusu wote wawili. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa kila mahali. Joseph Grinnell na Tracy Storer, katika kitabu chao cha mwaka 1924 kuhusu wanyama wa Yosemite, walimtaja kuwa ndiye chura aliyeonekana kwa wingi zaidi katika sehemu kubwa ya eneo hilo. Na katika kitabu hicho hicho waliandika jambo ambalo lingepaswa kuwasimamisha wasafirishaji wa vifaranga: kwamba watu walikuwa wameshaona viluwiluwi hawakai katika maziwa yaliyotiwa trauti. Mwaka 1924! Baghala walikuwa bado njiani. Miaka zaidi ya 60 ikapita ndipo upandikizaji ukakoma katika hifadhi za Sequoia na Kings Canyon, mwaka 1988, na Yosemite mwaka 1991. Habari ilikuwepo kwa maandishi. Haikuwa na pa kuandikwa katika fomu ya tathmini, kwa sababu fomu iliuliza idadi ya samaki.

Kwa nini chura huyu hakuweza kuhamia tu kwenye maziwa ambayo hayakutiwa samaki? Hapa ndipo kina kinaporudi. Vyura wengi tunaowajua hutaga kwenye dimbwi la mvua, na wiki chache baadaye viluwiluwi wameota miguu na kuondoka. Chura wa milima ya Sierra hana anasa hiyo. Majira ya joto huko ni mafupi na maji ni baridi, kwa hiyo kiluwiluwi wake huchukua miaka miwili, mitatu, hata minne kabla ya kuwa chura. Miaka yote hiyo lazima apite kila majira ya baridi chini ya barafu, na chura mzima naye hulala majini humo humo. Dimbwi la kina kifupi huganda hadi chini au huisha hewa. Hukauka pia kiangazi. Ziwa lenye kina ndilo pekee linalomfikisha mwaka unaofuata, na maziwa yenye kina ndiyo hasa waliyoyachagua wapandikizaji, kwa sababu trauti naye hawezi kupita majira ya baridi kwenye dimbwi. Mgeni na mwenyeji walikuwa wakihitaji chumba kile kile, na mgeni alikuwa anamla mwenyeji.

Mtafiti David Bradford alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba vyura na trauti hawaonekani pamoja. Knapp na Kathleen Matthews waliamua kulipima jambo hilo kwa ukubwa ambao hakuna mtu angeweza kuupuuza. Walichunguza zaidi ya maziwa na madimbwi 1,700. Mchana walitembea ukingo mzima wakihesabu vyura na viluwiluwi, kwa kuwa jua likichomoza viluwiluwi husogea kwenye maji ya kina kifupi kujipasha joto na huonekana wazi. Usiku waliacha nyavu za makila. Walilinganisha maeneo mawili yanayopakana: hifadhi ya Kings Canyon, ambako upandikizaji ulikuwa umesimama, na nyika ya John Muir, ambako uliendelea. Milima ni ile ile, miamba ile ile, mvua ile ile. Matokeo yao ya mwaka 2000 yalikuwa bayana. Upande wa John Muir trauti walikuwa wametapakaa zaidi na vyura walikuwa wachache sana, upande wa Kings Canyon kinyume chake. Na kila walipotazama ziwa moja moja, kuwepo kwa trauti kulitosha kukisia kutokuwepo kwa chura.

Mtetezi wa upandikizaji bado alikuwa na hoja, na ni hoja ya haki. Vitu viwili kutoonekana pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimekifukuza kingine. Pengine trauti wanapenda maji ya namna moja na vyura ya namna nyingine. Pengine vyura walikufa kwa sumu za mashamba zinazopeperushwa kutoka bonde kuu la California. Hoja kama hiyo haijibiwi kwa kuhesabu zaidi. Inajibiwa kwa kuondoa samaki na kungoja.

Vance Vredenburg, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifanya hivyo katika bonde la Sixty Lake ndani ya Kings Canyon. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2003 alifuatilia maziwa 21. Manane yalikuwa na trauti na aliyaacha hivyo. Manane hayakuwa na trauti, nayo aliyaacha. Katika matano aliwaondoa trauti kwa nyavu, bila sumu yoyote: nyavu zinategwa, zinatazamwa, zinasafishwa, zinarudishwa, siku baada ya siku, hadi samaki wa mwisho. Nadhani ni moja kati ya kazi ngumu na za uaminifu zaidi katika elimu ya maji, kwa sababu inambidi mtu abebe vyombo vyote mgongoni na kisha aishi na jibu lolote litakalotoka.

Baada ya mwaka mmoja vyura na viluwiluwi walikuwa wameongezeka katika yale maziwa matano. Ndani ya miaka mitatu hayakuweza kutofautishwa na maziwa ambayo hayakuwahi kuguswa. Sumu ya mashambani, kama ilikuwepo, ilikuwepo kote. Maji yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni samaki tu.

Hapo hesabu ya madhara ikaanza kupanuka, maana ziwa la mlimani halina uzio. Matthews na Knapp, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba nyoka wa milimani anayekula vyura hupatikana pale vyura walipo. Vyura wakiisha, naye anaondoka. Mwaka 2010 Peter Epanchin, Knapp na Sharon Lawler walichapisha habari ya ndege, chiriku mdogo anayezaa juu kabisa kwenye mawe na theluji. Kuna wadudu ambao maisha yao ya utotoni huyapitia chini ya maji, kisha siku moja huota mabawa, huruka kwa wingi, hujamiiana na kufa. Chiriku huwapelekea makinda wake wadudu hao. Trauti walikuwa wamewamaliza karibu wote wakiwa bado majini. Kando ya maziwa yasiyo na samaki, chiriku walikuwa karibu mara sita ya wale wa kando ya maziwa yenye samaki. Nani angefikiri kwamba fomu ya kutathmini samaki ingehitaji mstari wa ndege?

Kiumbe ninayempenda zaidi katika habari hii ni mdogo kuliko wote. Katika maziwa yasiyo na samaki huogelea kijidudu chekundu jamii ya kamba, kidogo kama punje ya ufuta, jina lake la kitaalamu ni Hesperodiaptomus. Ni chekundu kwa sababu rangi hiyo hukikinga na jua kali la milimani, na rangi hiyo hiyo hukifanya kionekane kirahisi na samaki. Trauti wakiingia, kijidudu hiki hutoweka. Lakini kabla ya kutoweka huacha mayai ambayo huzama kwenye tope na kulala humo miongo mingi yakiwa hai. Samaki wakiondolewa, baadhi ya mayai huamka, na kijidudu kilichopotea tangu zama za babu hurejea.

Hutokea pia kwamba hakirejei, na sababu yake inahuzunisha. Orlando Sarnelle na Knapp walihusisha jambo hilo na uzazi wake: kijidudu hiki lazima dume na jike wakutane ndipo wazae. Ziwa likikaa na samaki muda mrefu mno, mayai yanayobaki hai kwenye tope huwa machache. Yakitotolewa, dume mmoja yuko upande huu na jike yuko upande ule, katika maji ambayo kwao ni bahari. Wanakufa bila kukutana. Kwa hiyo muda una thamani katika tathmini. Ziwa lililotiwa samaki miaka 30 iliyopita na lililotiwa miaka 80 iliyopita yanaweza kuonekana sawa kwa mvuvi, kumbe la kwanza bado lina akiba chini na la pili limeshaila.

Sitaki msomaji aondoke akidhani trauti ndiye adui pekee. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulipita katika mabonde ya Sierra, Sixty Lake likiwemo, na ukaua vyura kwa maelfu, hata pale ambapo samaki walikuwa wameshaondolewa. Mwaka 2014 serikali ya Marekani iliwaorodhesha vyura hawa kama viumbe walio hatarini kutoweka. Ilionekana kana kwamba kazi yote ya nyavu imekwenda bure. Ila mwaka 2016 Knapp na wenzake walitoa hesabu za Yosemite za miaka 20, zilizotokana na maelfu ya ziara za kuhesabu: vyura walikuwa wameongezeka mara saba, ingawa kuvu alikuwa bado yupo. Baadhi yao walikuwa wamejenga uwezo wa kuishi naye. Jamii kubwa, iliyopewa ziwa zima lenye kina, inaweza kupoteza wengi na bado ikabakiza wale wachache wenye kinga. Jamii iliyobanwa kwenye dimbwi moja kwa sababu ya samaki haina wa kubakiza.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa sana jinsi samaki mmoja anavyoweza kuligeuza ziwa. Sangara aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Furu wa kila namna, ambao hawapatikani kwingine duniani, wakapungua na aina nyingi zikatoweka. Wakati huo huo viwanda vya minofu vikaajiri watu na sangara akajenga nyumba. Kwa hiyo najua kwamba swali la samaki wa kigeni lina tumbo la mtu ndani yake, na mtu anayelijibu bila kufikiria wavuvi hajalijibu. Lakini ziwa la juu ya Sierra halilishi kijiji. Linampa mvuvi wa mshipi raha ya siku mbili tatu kwa mwaka, raha ya kweli ambayo siidharau, na raha hiyo inaweza kupatikana katika maziwa mengine mengi ambayo trauti hawatatoka kamwe. Hifadhi za Sequoia na Kings Canyon zilipopanga kuondoa samaki, zilichagua sehemu tu ya maziwa na kuacha mamia mengine kama yalivyo. Mvuvi hajanyimwa mlima.

Kwa ushahidi huo, hukumu yangu ni hii. Ziwa la mlimani ambalo lingali halina samaki lisitiwe samaki, hata likiwa moja tu katika bonde zima. Ziwa lenye trauti wanaojizalia lisiongezewe hata kifaranga mmoja. Ziwa lenye trauti wasioweza kuzaa, na lililo karibu na vyura waliosalia, liachwe hadi samaki wake wafe kwa uzee. Hilo halihitaji fedha wala nyavu. Ziwa la chini, lililokwisha kuharibika, ambalo watu wanalifikia na kulifurahia, lipewe vifaranga kwa kiasi, na mwenye kuwapa aandike kila mwaka ukubwa wa samaki waliovuliwa pamoja na idadi yao. Na yeyote anayetia sahihi kwenye kibali cha kupandikiza, iwe Independence au Nyeri, atembee kwanza ukingo mzima wa ziwa hilo, saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, aandike kila alichokiona kwenye maji ya kina kifupi.

Tumalizie Bunny, tulikoanzia. Barafu yake huanza kuvunjika mwanzoni mwa kiangazi, na kuanzia hapo viumbe wake wana wiki chache tu za kula kabla ya kufunikwa tena.